Bati Katika Damu ya Kaka

Kaka yangu alikuwa na mabega ambayo nusu ya kijiji iliyategemea. Ilikuwa miaka ya tisini. Ushirika ulikuwa umelegea, na dawa za kahawa zilikuwa zikiuzwa na yeyote mwenye duka. Wazee waliobaki peke yao vihambani, katikati ya migomba na kahawa walizorithi, hawakuwa na nguvu za kubeba bomba la kupulizia. Kaka aliwabebea. Msimu ulipofika alitoka nyumbani kwetu, juu kidogo ya mji mdogo wa Mkuu, akapita kihamba kwa kihamba kupambana na chulebuni, ule ugonjwa unaozigeuza buni changa kuwa nyeusi kabla hazijakomaa. Jioni alirudi shati limemgandama mgongoni kwa dawa iliyovuja, akanawa mikono, akala.

Msimu mmoja alibadilisha dawa. Ile ya zamani ilikuwa ya shaba, ikiacha majani na rangi ya bluu. Hii mpya ilikuwa unga mweupe, na muuzaji wa mjini alimwambia kidogo tu kinatosha. Kweli kilitosha. Buni zilibaki kijani, kisha zikaiva vizuri, na wenye vihamba wakawa wanamgombania.

Halafu majipu yakaanza. La kwanza lilitoka kwapani, lingine shingoni. Mkwaruzo wa panga mguuni, ambao zamani angeusahau kesho yake, ulitunga usaha na ukakataa kufunga. Kikohozi kikamshika, akakonda. Hakuna aliyetamka jina la ugonjwa, lakini akina mama waliokuja kusali nyumbani walisali kwa ile sauti ya chini waliyoitumia kwa wagonjwa wa UKIMWI. Mama yetu alimpikia mtori, ile supu nzito ya ndizi, akakaa akimtazama anavyokunywa.

Mimi wakati huo nilikuwa najifunza kazi ya maabara katika hospitali moja mjini Moshi, nimepanga chumba mtaa wa Soweto. Kaka alinifuata huko.

"Nipime wewe," aliniambia. "Kama ndiyo, nataka nisikie kutoka kwako."

"Kaka, siruhusiwi kukupima peke yangu. Ila nitakuwepo."

Majibu yakatoka: hakuwa nao. Alicheka, kisha akajifunika uso kwa mikono na mabega yakatikisika. Jipu la shingoni lilikuwa bado limefungwa bandeji.

Daktari wetu alikuwa mama mtu mzima asiyependa kukisia. Aliagiza damu ya kaka ipakwe kwenye kioo, akaitazama, kisha akaniita.

"Njoo utazame kwenye hadubini hii. Limfosaiti ziko wapi?"

Nilikuwa nimeshazoea kuziona: chembe nyeupe za mviringo, kiini cha zambarau cha kila moja kimeijaza chembe nzima, zimetawanyika kati ya chembe nyekundu. Ndizo zinazomtambua adui na kumkumbuka. Nilisogeza kioo, nikakisogeza tena. Nyekundu tupu. Ilipotokea moja, nilihisi kama nimekutana na mtu katika mji uliohamwa.

Daktari alimgeukia kaka. "Unafanya kazi gani, mwanangu?"

"Napuliza kahawa, mama."

"Kwa dawa gani?"

Hakujua jina. Safari iliyofuata alileta mfuko wenyewe, umefungwa ndani ya mifuko mingine. Daktari alisoma maandishi yake madogo, akaenda kufungua vitabu, akarudi.

"Hii ina bati ndani yake."

"Bati?" Kaka alitazama juu. "Hili la paa?"

"Si la paa; bati ni madini, na lenyewe lisingekusumbua sana. Lakini hili limeungwa na kaboni kiwandani, na likishaungwa hivyo linapenya ngozi na kuingia kwenye chembe zako. Panya waliopewa dawa za aina hii, ile tezi ya kifuani inayozilea limfosaiti ilisinyaa. Kwa binadamu hatujui vya kutosha. Siwezi kukuapia kwamba ndiyo iliyokuumiza. Lakini acha leo hii."

Kwa miezi niliyokuwa nikijifunza, nilidhani ugonjwa ni kitu kinachoingia na kupigana nasi. Sasa naambiwa kuna kitu kinaingia bila homa wala maumivu, kinamwacha mtu anatembea na kubeba bomba, huku walinzi wake wanapungua mmoja mmoja.

Kaka aliacha. Alipita kwa kila mzee aliyewahi kumpulizia, akawaeleza, akawaomba warudie ile ya bluu. Wengine walinung'unika, mmoja alimwambia usoni kwamba anaogopa kivuli. Mama aliichoma ile nguo ya kazi mwenyewe, mbali na nyumba. Kidonda cha mguu kilichelewa, kisha kikaanza kufunga kutoka pembeni. Kikohozi kikapungua. Kahawa zilipokuwa zinachanua tena, alishuka Moshi kupimwa, mashavu yamejaa.

Daktari alitazama damu yake, akatabasamu, akaniachia kiti. Nikainama mimi. Zilikuwa zimerudi! Nyingi, zambarau, za mviringo, kila nilikosogeza kioo. Hakuna aliyempa dawa ya kuziongeza. Mwili wake, ulipoachwa, ulikuwa umejua njia.

"Kaka, njoo uone."

Aliinama kwa woga, mikono nyuma, kama mtu anayechungulia chumba cha mgeni. Alikaa hivyo mpaka nikadhani haoni kitu.

"Hizi zote ni zangu?" aliuliza kwa kunong'ona.

"Zako."

"Zinafanya kazi hata nikilala?"

"Hata ukilala."

Hakuinua kichwa. Wenzangu waliingia na kutoka na sampuli zao, nami nikawazuia kwa mkono wasimguse.