Kanisa la Mbao Nyumbani Kwetu Wattaya

Nilipostaafu kazi ya kuchora ramani za majumba, nilishinda nyumbani miezi miwili nikimfuata mama yangu kila chumba, mpaka akachoka.

"Tafuta kazi, mwanangu," aliniambia. "Hata ya kuhesabu kunguru wa Wattaya, lakini nnakuomba, itafute."

Nikaenda mtaa wa Ghala, hapa hapa Maskati, kwenye karakana ya seremala ninayemjua, nikarudi na gunia la vipande vya mbao. Siku ya pili nikaanza kujenga kanisa dogo la mezani.

Kanisa lenyewe nilikuwa nalijua. Ujanani nilisoma Uingereza, nikapanga chumba kijijini kwa mjane mmoja, na dirisha langu lilitazama kanisa la zamani sana. Mwalimu alipotutaka kila mmoja apime jengo la kale, nilichagua lile kwa uvivu tu, maana halikutaka nauli. Nikalipima wiki tatu kwenye baridi, vidole vimekufa ganzi, na uvivu ukageuka mapenzi.

Lilikuwa limejengwa na watu ambao hawakuonana. Ukuta wa kaskazini, mnene kama wa ngome, wenye vidirisha vya duara kwa juu, ndio uliotangulia. Vizazi vikapita, waumini wakajaa, wakaubomoa ukuta wa kusini na kuweka safu ya nguzo zenye matao yaliyochongoka, na ukuta mpya nje yake. Mnara ukaja mwisho, kwa mawe ya rangi nyingine kabisa. Hakuna aliyejaribu kuficha kiraka chake.

Mama alipoona mnara unainuka juu ya meza alishtuka. "Kanisa? Ndani ya nyumba yangu?"

"Ni jumba tu, mama. Nnajenga matao."

"Na matao ya misikiti yote ya Maskati hukuyaona?"

Lakini wiki haikwisha akavuta kiti, akavaa miwani yake, na kuanza kunigundishia vigae vya paa. Alikuwa na mkono mtulivu kuliko wangu.

Aliyeona kosa ni dada anayetusaidia kazi za nyumbani, Mkristo kutoka Songea. Alisimama na trei ya kahawa, akainama akatazama ndani.

"Samahani, baba. Kisima cha ubatizo umekiweka mbele huko. Kwetu kinakaa mlangoni."

"Kwa nini mlangoni?"

"Si ndipo mtoto anapoingilia? Anabatizwa kwanza, halafu ndiyo anakuwa wa humo ndani."

Nilikwenda kufukua daftari langu la zamani. Kumbe nilikuwa nimekichora mwenyewe, kiduara kidogo karibu na mlango wa kusini, na vipimo vyake vyote. Nilikuwa nimepima kila jiwe la lile kanisa bila kuuliza hata mara moja watu wanafanya nini humo. Nikaona haya, nikakihamisha. Tangu siku hiyo kila nilipofika mahali nisipopaelewa nilimwita, naye alinieleza huku akipangusa mikono kwenye aproni, akifurahi waziwazi kuwa mwalimu.

Kazi ilipokwisha aliomba kulipiga picha amtumie baba yake, mwashi aliyejenga kanisa la kijijini kwao kwa matofali ya kuchoma. Jioni ileile mzee akarudisha ujumbe wa sauti.

"Mkuu, salaam. Hizi nguzo nene zilizoegemea ukuta kwa nje ni za nini? Nauliza kwa sababu ukuta wetu mmoja umeanza kulala."

Nilikuwa sijaulizwa swali la kazi tangu nistaafu. Nikamjibu kwa kirefu: paa zito husukuma kuta zitawanyike, na wale Waingereza nao yaliwakuta, ndipo wakaziegemeza kwa mawe. Nikamwambia achimbe msingi wa kila nguzo kwa kina kuliko wa ukuta, aziunganishe nguzo na ukuta kwa meno ya matofali, yaani matofali ya nguzo yaingie ndani ya ukuta, na kenchi, zile mbao za pembetatu zinazobeba paa, zifungwe kwa boriti chini. Kwenye meno hatukuafikiana. Yeye alitaka kukata matofali machache tu, akihofia kuutikisa ukuta mbovu, na baada ya siku mbili za kubishana nilikubali kwamba anayeugusa ukuta ndiye anayeujua.

Mvua za kwao zilipopita, ikaja picha: nguzo tatu nyekundu, mpya, na waumini wamesimama mbele yake na ndoo zao. "Ukuta umetulia," alisema mzee kwenye ujumbe wa sauti, na nyuma yake nilisikia watu wakicheka.

Nikamsikilizisha mama. Akaninyang'anya simu, akamuuliza huko kwao mvua inanyesha miezi mingapi, na kama mihogo yao ni mitamu. Mzee akajibu. Siku hizi mimi hupata ujumbe mmoja kwa wiki, mama hupata kila asubuhi, nami hungoja zamu yangu.