Kondakta wa Behewa la Baiskeli

Nyie mnaosema kondakta wa behewa la baiskeli ana roho mbaya, mnanichosha. Wiebke naye alianza hivyo hivyo. Alikuwa anazunguka Ulaya kwa treni na baiskeli na shoga yake Tomke, na tangu Dresden wote wawili walikuwa wanamcheka yule mama kondakta chinichini. Kila kituo anapita, kidole gumba kimejaa grisi, anagonga viti vya baiskeli kimoja kimoja. "Unashukia wapi? Na wewe?" Sauti kama anafukuza kuku. Anayeshuka mbali baiskeli yake inakaa ukutani, anayeshuka karibu yake inaegemezwa juu, upande wa mlango. Alipoenda kukagua tiketi mbele, vijana wawili wakapanda, wakaegemeza zao kwenye ya Wiebke bila kuuliza anashukia wapi.

Treni, iliyokuwa inaenda Prague, ikasimama kituo cha mwisho kabla ya mpaka, ndipo walipokuwa wanashukia. Tomke akashuka na yake. Ya Wiebke ikanasa, pedeli ya mtu imeingia kwenye spoku zake. Mlango ukaanza kulia, unataka kufunga.

"Tomke, nisubiri!"

"Nikusubiri wapi, Prague?"

Yule mama akatokea, akatia buti lake mlangoni, akamwambia dereva kwenye redio, "Mlango unasumbua kidogo," bila hata kupepesa. Kisha akawageukia vijana: "Mabwana wakubwa, mmekatwa ndimi? Ziondoeni!" Akaichomoa ya Wiebke mwenyewe, taratibu, spoku hata moja isipinde, akamshushia. Wiebke anageuka amshukuru, mama kashapuliza filimbi, yuko ndani anagonga kiti kingine: "Na wewe, unashukia wapi?"

Basi nakuomba, ukipanda na baiskeli yako, uliza kabla hujaegemeza.