Mwanamke wa Kumi na Moja

Wakati wa vita ya pili ya nchini mwetu, askari walipogeuza madawati ya shule yetu mjini Baraka kuwa kuni, nilipata kazi ya kuwatafsiria watafiti. Nilikuwa mwalimu asiye na wanafunzi, na Kifaransa changu hakikuwa kibaya. Mtafiti wangu alikuwa mama wa Kizungu aliyekuja kuchunguza jinsi vita inavyokaa mioyoni mwa wanawake. Alikuwa mtu mwema, na hilo linaniudhi mpaka leo. Angekuwa mbaya, ningejua wa kumlaumu.

Alikuwa na karatasi ya ridhaa. Kabla ya maswali nilipaswa kuisoma yote: una haki ya kukataa, una haki ya kunyamaza, hutapewa msaada kwa sababu ya majibu yako, jina lako halitajulikana. Kisha mwanamke aweke kidole gumba kwenye wino. Lakini sisi tulikuwa tumekimbia na kurudi mara nyingi, na kila tulikopokewa, kidole gumba kilikuwa na maana moja tu: umeandikwa, utaitwa, kitu kitakuja. Unga, hema, sufuria. Kwa hiyo wanawake walichovya kidole kabla sijafika sentensi ya pili. Wengine walileta hata watoto wao waandikwe. Mtafiti aliniuliza kama wameelewa. Nikasema ndiyo.

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Sisi tuliulizwa kila kitu, na uji wenyewe haukuja.

Mama mdogo wangu, mdogo wa marehemu mama, alikuja siku ya tatu. Binti yake alikuwa amechukuliwa na watu wenye bunduki asubuhi moja, njiani kutoka Swima alikokwenda kununua dagaa, akapandishwa milimani. Hakurudi. Mama mdogo aliamini kwamba jina la binti yake likifika mbali, kuna mtu atalisikia na kumtafuta.

“Unaandika muzuri jina yake?” aliniuliza. “Jina yake, ya baba yake, na ile ya ubatizo. Usisahau hata moja.”

“Minaandika, mama mudogo.”

Alisimulia yote. Mambo ambayo mwanamke hamwambii mtoto wa dada yake aliyasema mbele yangu, macho yake ukutani, nami nikayageuza Kifaransa neno kwa neno. Niliona aibu nikatamani ardhi ipasuke. Kila alipofika kwenye jina la binti yake alilitamka polepole, kama mwalimu anayesoma imla.

Hapo ndipo ningemwambia. Sentensi moja ingetosha: mama mdogo, hawa hawatafuti watu. Nilijua angeinuka na kuondoka, na kazi ingeharibika. Tena, niseme ukweli wote, nilipenda kumwona ana tumaini. Nikaendelea kuandika.

Kesho yake mtafiti alinipa kalamu nyeusi. Majina yote yafutwe, alisema, asije mtu akadhurika. Alikuwa na haki. Wenye bunduki walikuwa wakipita mjini kila wiki, na karatasi ingeweza kuua mtu. Nilifuta majina ya wanawake wote, nikaacha namba tu. Nilipofika kwa mama mdogo nilifuta jina la binti yake kila mahali, la kwake, la baba, la ubatizo, mpaka karatasi ikalowa wino.

Miaka zaidi ya miwili ikapita, kitabu cha yule mtafiti kikanifikia kwa mkono wa msafiri. Mama mdogo alisikia. Alikuja amevaa kikwembe chake cha kanisani.

“Nionyeshe fasi jina yake iko.”

Nilifungua ukurasa wa mwanamke wa kumi na moja, nikamsomea kwa Kiswahili. Alisikiliza mpaka mwisho.

“Huyu njo mimi,” alisema. “Na mutoto wangu iko wapi?”

Nikamweleza: kalamu, usalama, haki yake ya kufichwa. Kila nililosema lilikuwa kweli, na nilijichukia kwa kila neno.

“Kumbe hakuna muntu alimutafuta.”

“Hapana, mama mudogo.”

“Hata siku moja?”

“Hata siku moja.”

Alikifunga kitabu taratibu, akanirudishia kwa mikono miwili. Miaka yote hiyo ndugu walikuwa wamemsihi tukae kilio tumlilie binti, naye alikataa. Halililiwi, alisema, jina linalotafutwa. Sasa alivua kilemba, akakaa chini kwenye sakafu yangu, akaanza kulia kilio cha msiba. Majirani waliingia mmoja mmoja, wakaniuliza ni nani aliyekufa. Nikawatajia majina yake yote matatu.