Kibao cha Kiminini

Nilirudi kutoka India na shahada ya ufamasia, na baba akanipokea mimi bintiye kana kwamba kazi imeisha. Kumbe ndiyo kwanza inaanza. Bodi inayosajili wafamasia ilitaka nifanye mtihani wake, kisha mwaka mzima wa mazoezi hospitalini chini ya mfamasia aliyesajiliwa, ndipo nisajiliwe, ndipo niombe leseni. Sheria za dawa za Kenya hazifundishwi kule nilikosomea, kwa hivyo mtihani wa kwanza uliniangusha. Nilisoma mpaka nikakonda, nikapita wa pili.

Baba alikuwa mkulima wa mahindi karibu na Kitale, mtu wa kanisa, asiyejua kusubiri. Kwetu duka jipya huombewa na mchungaji kabla halijauza chochote, na likishaombewa ni aibu kulifunga. Aliposikia nimepita, alikodi chumba Kiminini, akatundika kibao chenye jina langu na kualika kanisa zima. Mimi nilikuwa Bungoma, nimeanza mazoezi tu. Nilipofika kwenye maombi na kukiona kile kibao, nilimvuta baba pembeni.

"Baba, kishushe. Mimi bado sina leseni."

"Si ulipita mtihani?"

"Nilipita. Bado mazoezi, halafu usajili."

"Ati mazoezi! Mami, wewe umesoma ng'ambo. Hawa wenye maduka kila kona walisoma wapi? Wacha mchungaji aombe."

Mchungaji akaomba, kina mama wakaimba, chai ikanywewa. Nilimsihi tena kabla ya kurudi Bungoma, akaniahidi kwamba atauza sabuni na nepi tu. Lakini watu walisoma kibao wakaingia kutafuta dawa, na baba hangeweza kumrudisha mshiriki mwenzake wa kanisa mikono mitupu.

Wakaguzi wa Bodi walimkuta nyuma ya kaunta akimhesabia mama mmoja vidonge vya malaria. Walimuuliza mfamasia yuko wapi. Baba akatoka nao nje, akawaonyesha jina langu pale juu, kwa fahari kabisa. Maduka mengine ya mtaa huo yalikuwa yamefungwa siku hiyo. Wenyewe walikuwa wamenong'onezewa mapema kwamba wakaguzi wanakuja, na kesho yake walifungua kama kawaida, letu likabaki na kufuli. Hilo linanichoma mpaka leo.

Mfamasia aliyenisimamia Bungoma aliniita ofisini.

"Pole, dada. Bodi imesema usimamishe mazoezi mpaka kesi ya duka isikizwe. Nimewaambia ulikuwa huku na mimi, lakini jina ni lako."

Nilivua koti jeupe nikalikunja. Nilimchukia baba kwa moyo wangu wote, na nilimpenda vilevile, na sikujua niviweke wapi vitu hivyo viwili.

Kesi iliahirishwa, ikaahirishwa tena, hadi nikachoka kuuliza. Nilipata kibarua Moi's Bridge, kuuza mbegu na dawa ya kupe. Wateja waliniita daktari wa ng'ombe, nami nikacheka nao, maana ningefanya nini?

Kisha baba akapatikana na presha. Nilipoenda nyumbani kumwona, alitoa pakiti za vidonge mfukoni akazipanga mezani mbele yangu.

"Mami, hizi nameza aje?"

Nilizijua zote, na ile ambayo haikufaa kuchanganywa na nyingine niliiona mara moja. Sikuitaja. Nikamwambia mimi sina leseni, arudi akamuulize aliyemuuzia.

"Sawa," akasema, akazirudisha mfukoni.