Kodiani na Mama Wawili Walionuniana

Nilichokuwa natafuta ni kitu kidogo tu: mtu wa kunifundisha kodiani. Mjomba wangu wa kijiji cha Kate aliniachia yake baada ya mgongo kumkatalia kuibeba, na Sumbawanga nzima sikumpata wa kunielekeza. Wapiga kinanda tunao wa kutosha, mimi mwenyewe mmojawapo kanisani, lakini kinanda hakikai kifuani wala hakidai uvute na kusukuma huku unatafuta nota. Nikaingia mtandaoni, na huko ndiko nilikokutana na klezmer.

Ni muziki wa harusi wa Wayahudi wa Ulaya Mashariki. Nilifungua video moja, mzee mwenye miwani akavuta kodiani yake, na mimi nikasahau chai jikoni mpaka sufuria ikaanza kunuka. Muziki ule ulikuwa unacheka na kulalamika kwa pumzi moja. Niliupenda palepale, bila aibu.

Kazi ikawa kupata masomo. Wengi huko mtandaoni wanakuonyesha jinsi wanavyojua wao, si jinsi utakavyojua wewe. Vidole vinakimbia, bando linakwisha, na wewe uko palepale. Mzee wangu wa miwani peke yake ndiye aliyekuwa na huruma. Alipiga polepole, akarudia, na chini ya video aliweka karatasi ya nota. Somo lake lilihusu ngoma ya mama wa bibi harusi na mama wa bwana harusi. Kwanza wanacheza wamenuniana, kila mmoja amempa mwenzake mgongo. Kisha muziki unabadilika, wanageukiana na kupatana.

Nilinyanyuka kitini. Mdogo wangu alikuwa anakaribia kuolewa, na mama yetu alikuwa hasalimiani na mama wa bwana harusi. Wale ni Wasukuma, wafugaji waliohamia huku, na ng'ombe wao waliwahi kuingia shamba la mama kule Pito wakala maharage yaliyokuwa yanakaribia kuvunwa. Wazee wa pande zote mbili waliyamaliza. Mama hakuyamaliza. Kwake yule alikuwa "mama wa ng'ombe", basi. Mdogo wangu alikuwa akilia kila akifikiria siku yake, mama zake wawili ukumbini na kila mmoja anatazama ukuta wake.

Nikamwonyesha mama ile video. Akaitazama yote huku anachambua mchele.

"Hiyo sehemu ya kununa naiweza," alisema. "Hiyo nyingine, mwenye kutaka na aicheze."

Mdogo wangu akaenda kumwonyesha mama mkwe wake. Jibu likarudi lilelile, na hawakuwa wameambizana.

Nilichapisha nota steshenari, nikampelekea mwalimu wetu wa kwaya aniandikie kwa do-re-mi, maana ndivyo kwaya nzima tulivyozoea kusoma. Aliirudisha karatasi ikiwa safi kabisa.

"Nimekurekebishia," alisema. "Aliyeandika alikuwa anasinzia. Kila penye re ameishusha nusu sauti, na la pia."

Nikamshukuru, nikafanya mazoezi juma zima. Ulitoka wimbo mchangamfu, mnyoofu, usio na kinyongo na mtu. Mama akaniuliza kutoka jikoni, "Huo ndio wa kununa? Mbona unanifanya nitafute sadaka?"

Nikarudi kwa mzee wa mtandaoni nikasikiliza upya. Hakuwa amesinzia. Re ile ilishushwa makusudi, na kununa kwenyewe kulikaa humohumo. Nilicheka peke yangu, nikaanza moja. Sehemu ya kupatana yule mzee aliahidi kuifundisha katika somo la pili, na somo la pili nililitafuta kila mahali nisilipate. Nilijaribu kuidaka kwa sikio, vidole vikagoma. Nikajiambia siku hiyo Mungu atajua.

Siku ikafika, ukumbi wa mtaa wa Katandala ukajaa. Mshereheshaji akawaita mama wawili katikati, nami nikakaa hatua chache kutoka kwao, kodiani kifuani. Nikaanza. Mama akakaza kanga kiunoni, akageuza mgongo. Mama wa bwana harusi naye akageuza wake, mabega yakacheza yenyewe. Walinuniana vizuri sana, kwa sababu hawakuwa wanaigiza. Ukumbi mzima ulishika mbavu.

Sehemu ya kununa ikaisha. Niliwatazama nikitarajia warudi vitini kama walivyosema. Hawakwenda. Walisimama, wamepeana migongo, wakisubiri muziki ubadilike, na mimi muziki wa kubadilisha sikuwa nao. Nikarudia mwanzo. Wakacheza, wakasimama tena. Jasho likanishuka na baridi yote ile ya Ufipa. Mdogo wangu alikuwa ananitazama, mikono yote miwili mdomoni.

Ndipo vidole vyangu vikakumbuka juma lile la kwanza. Nikapandisha re. Nikapandisha la. Wimbo wa mwalimu wa kwaya ukatoka wote, mchangamfu, mnyoofu, na nyuma ya ukumbi nikamwona mwenyewe anatikisa kichwa kwa kuridhika, kwamba hatimaye nimeacha kukosea.

Mama aligeuka. Na mwenzake aligeuka. Wakacheza wakikaribiana mpaka wakafikiana, na kwa kuwa nilikuwa karibu nikasikia.

"Maharage yangu yalikuwa matamu?" mama aliuliza.

"Ng'ombe hawakusema," yule akajibu. "Ila maziwa yao yalikuwa matamu sana. Nitakuletea."

Mama akacheka mpaka kanga ikafunguka. Akamshika mkono.

"Lete na samli, mkwe," alisema.

Vigelegele vikapasuka. Mdogo wangu akalia tena, safari hii akiwa anacheza, na mimi nikaendelea kuvuta na kusukuma, re yangu iko juu, mpaka mikono ikafa ganzi.