Ng'ombe Aliyewahiwa Kisu

Niliondoka Mnyuzi kwa hasira. Habari zilifika kwenye zahanati yetu kwamba wakulima wa kijiji kimoja cha ujamaa, Handeni, wametokwa na vidonda vyeusi, nao wanadai wafugaji jirani wamewatilia sumu kwenye nyama. Waliapa kuwafukuza Ijumaa, baada ya sala. Siku hizo kila mtu alihimizwa kuwa macho na adui, basi adui akapatikana upesi. Mimi muuguzi, mbishi tangu utotoni, nikatia penisilini kwenye kikapu.

Kutoka Korogwe nilipanda lori la mahindi, vumbi likanijaa mpaka kwenye kope. Kutoka Chanika nilitembea.

Kijijini nilipelekwa kwa Mzee Mhina, mchinjaji. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umevimba, kidonda cheusi katikati.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kunitibu au kunizika?"

"Kukuchoma sindano. Kinauma?"

"Hata kidogo."

Kidonda cha kimeta, ugonjwa wa mifugo unaoambukiza watu, hakiumi. Nikamuuliza habari za ng'ombe waliyemla.

"Mzee Saitoti, yule mfugaji, alituletea ng'ombe anayeyumba. Nikamuwahi kisu kabla hajafa. Hakuwa kibudu, wallahi!"

"Umechinja kihalali, mzee. Lakini ugonjwa ulikuwa kwenye damu, nayo ilikurukia."

Vijana wa kijiji waliokuwa mlangoni waliguna, hawakuniamini. Ijumaa, baada ya sala, walitoka na majembe na marungu. Mzee Mhina na mimi tukatangulia.

Katika boma la wafugaji, Mzee Saitoti hakubishana nasi. Alimwita mkewe, naye akatuonyesha shavu lake: kidonda kilekile. Ni yeye aliyemchuna ngozi yule ng'ombe.

"Sumu gani hiyo," aliuliza mfugaji, "ninayoanza kumpa mke wangu?"

Vijana, waliokwisha kutufikia, wakainamisha vichwa. Nilikuwa namchoma mama yule sindano ng'ombe mwingine alipoanza kuyumba uani. Mkono wa kulia wa Mzee Mhina ukaenda kiunoni penye kisu.

"Muache, mzee."

"Atakuwa kibudu!"

"Na awe. Damu yake isimwagike."

Alimtazama ng'ombe. Nyama yote ile, na watoto wana njaa! Kisha akachomoa kisu, akanikabidhi. Ng'ombe akaanguka, akafa mwenyewe. Majembe yaliyokuja kwa ugomvi yakachimba shimo refu, wakulima na wafugaji pamoja, tukamfukia na ngozi yake.

Nilirudi Mnyuzi nikijua kwamba dawa peke yake haitoshi. Lazima mkono ufundishwe kungoja. Nilikiunguza kile kisu motoni, nikakirudisha nilipokwenda tena kijijini. Mzee Mhina alikipokea kwa mkono wa kushoto, uliopona.

"Na mkimwona mwingine anayumba?" nikauliza.

"Nakificha kisu," alisema, "ndipo nakuita."