Senti ya Amerika niliyoisugua kwa jivu kule Gotu

Salaam aleikum wakuu, na nyinyi wa habari, habari zenu.

Mwaka wa 1971, nikiwa na miaka kumi na mbili, ukame ulimaliza ng'ombe wetu. Wote. Mwaka uliofuata baba naye akafa. Shule niliachia darasa la pili, kwa hivyo ukiona nimekosea kuandika, soma tu uendelee. Naandika kwa kidole kimoja na ni changu.

Hii ilinipata mimi, si rafiki ya binamu yangu.

Nimeona vijana hapa mnaulizana jinsi ya kusafisha pesa za zamani ndio zipate bei. Ngojeni kwanza.

1979 nilikuwa mpishi kwa kambi ya kuchimba borehole za maji karibu na Gotu, upande wa Isiolo. Mkubwa wa kambi alikuwa Mmarekani wa makamo, tulimwita Bwana Kisima. Kiswahili chake kilitosha kununua mbuzi na kugombana na dereva.

Jumapili mashine ikizimwa, hakulala wala hakunywa. Alitoa mfuko wa turubai, mzito kama mwana-mbuzi, akaumwaga mezani. Senti tupu! Senti mojamoja za kwao, za shaba. Baba yake alikuwa na duka, akaziweka miaka na miaka, akafa kabla ya kuzichambua. Mtoto akazibeba mpaka Gotu.

Mimi nikacheka. Senti moja hata kijiti cha kiberiti hununui. Nikajua mzungu jua limempiga.

Siku moja akanipa lens ya kukuza vitu, akanionyesha senti moja, upande wenye jengo la nguzo. "Angalia katikati ya nguzo."

Wakuu, ndani ya ile nyumba kulikuwa na mtu ameketi. Mdogo kuliko yai la chawa. Nikageuza senti, kichwa cha upande wa pili ni cha mtu huyohuyo, rais wao wa kale. Yuko nje na yuko ndani ya nyumba yake. Chai ya watu iliungua jikoni siku hiyo na sikujali.

Kutoka hapo nikashikwa. Alinionyesha mwaka, na chini ya mwaka herufi ndogo ya mji uliotengeneza. Za zamani nyuma zina masuke mawili ya ngano, kama ya mashamba ya Timau. Kuna nyeupe za mwaka wa vita, 1943, shaba ilipoenda kwa risasi, hizo zinarukia sumaku kama msumari. Kitu kidogo hivyo, na kimebeba vita!

Maneno sikujua kusoma vizuri lakini tarakimu nilijua. Na jicho la mchungaji halifundishwi. Mtu aliyekuwa anatambua ng'ombe mmoja mmoja kwa sura atashindwa na senti? Miezi michache nikawa nachambua haraka kuliko yeye.

Alikuwa na kitabu chenye matundu, kila tundu na mwaka wake. Moja lilikuwa wazi. Senti ya 1909, herufi S chini ya mwaka, na nyuma chini kabisa herufi tatu za mchoraji, V.D.B. Akaniambia nikiipata kwa ule mfuko, atanipa bei ya mtamba mwenye mimba.

Sasa elewa. Mama yangu alikuwa Isiolo mjini kwa chumba cha kupanga, anauza maziwa ya ng'ombe wa watu. Mwanamke wa Kiborana, aliyekuwa na zizi lake. Nilipomwambia habari ya mtamba akaweka chini maziwa ya watu. Akaanza tu kufuma gorfa, kile chombo chetu cha maziwa.

Mwezi wa saba niliipata. Nyeusi kama tako la sufuria. Nikasoma 1909. Nikasoma S. Nikageuza, herufi tatu ziko. Nikaiweka mdomoni isianguke.

Bwana Kisima alikuwa ameenda mjini kutafuta spea, siku mbili. Na hapa ndipo nilifanya ujinga.

Kwetu mnyama hapelekwi soko akiwa mchafu. Unamnywesha, unampangusa vumbi, ndio mnunuzi amheshimu. Basi nikachukua jivu na ndimu, nikasugua ile senti mpaka ikang'aa kama pete ya bibi harusi.

Akarudi, nikamwekea mkononi. Aliiangalia, kisha akaketi juu ya debe.

"Uliosha?"

"Niliosha. Ulitaka nikupe ikiwa chafu?"

Akaigeuza pande zote mbili. Kisha akaniuliza, "Wewe ukinunua ng'ombe, unaangalia nini kwanza?"

"Meno."

"Kwa nini?"

"Meno hayadanganyi umri."

Akagusa senti kwa kidole. "Ile rangi nyeusi ndiyo ilikuwa meno."

Nikachuchumaa mbele yake. "Basi nimemng'oa meno nikimpeleka soko."

Miaka sabini ile ngozi ilijitengeneza polepole, mfukoni mwa watu nisiowajua, ng'ambo ya bahari. Mimi nikaimaliza kabla maji ya chai hayajachemka. Hata leo nikiwaza nashikwa na baridi.

Aliniambia atanilipa bei ya mtamba vilevile, kwa sababu aliahidi. Nikakataa. Nikamuuliza asiye na meno ni bei gani. Akapiga hesabu: mbuzi wawili. Nikachukua ya mbuzi wawili. Sijawahi kula huruma ya mtu.

Nikapeleka mbuzi jike wawili kwa mama. Aliwaangalia, akaangalia gorfa yake iliyokwisha nusu. "Mbuzi pia wana maziwa," akasema, akaendelea kufuma.

1982 mbuzi walikuwa kumi na mmoja. Nikasikia Bwana Kisima yuko Oldonyiro. Nikaswaga wawili kwa miguu siku tatu.

"Nimekuja kununua senti yangu."

Alicheka mpaka akatoa machozi. Mbuzi mmoja tulimla, wa pili akamfuga. Akafungua kitabu, akaitoa kwa tundu. Ilikuwa imeanza kurudi rangi.

Funzo ni hili: kitu kikizeeka kwa haki yake, usikioshe. Uliza kwanza anayekijua. Mwenye senti kama hizo aweke picha hapa, na vumbi lake. Mwenye kubisha pia abishe, nipo.

Leo nina ng'ombe arobaini na sita. Ngamia tisa. Plot mbili Isiolo, moja ina nyumba ya mawe. Posho mill. Gorfa ya mama, Mungu amrehemu. Na senti moja ya 1909, sasa imekuwa kahawia. Fundi akiweka lens bado atajua iliwahi kuoshwa. Sawa. Niliiosha.